Studio ya kupanga Lubumbashi kwa asiye na gari: vili (katikati ya mji), Kamalondo, boyeri au Kalubwe?

Ukimwambia komisioneri (dalali wa nyumba) unatafuta chumba kimoja chenye choo chake na kona ya kupikia, atakuuliza maswali mawili: uko na dola ngapi, na mtakaa watu wangapi. Swali la tatu haulizi, nalo ndilo litakalokula mfuko wako baadaye: kila siku utakuwa unaenda wapi, na utarudi saa ngapi?

Lubumbashi ni mji wa miguu kwa umbo lake. Wabelgiji walipouanzisha mwaka 1910 na kuuita Elisabethville, walichora barabara za katikati zikiwa zimenyooka na kukatana kama wavu. Hapa hakuna milima ya kupanda kama Bukavu, wala huvunji viatu juu ya mawe ya volkano kama Goma. Lakini Wabelgiji haohao walitenga watu: Wazungu katikati, wafanyakazi Waafrika kusini, na baina yao uwanja mtupu wa mita mia kadhaa ulioitwa zoni netre. Siti (mtaa) ya wafanyakazi, iliyoitwa Albert na ambayo leo ni Kamalondo, iliwekwa mbali kiasi cha kutengwa na karibu kiasi cha mtu kufika kazini kwa miguu. Urithi huo mchungu ndio unaofanya leo mpangaji wa Kamalondo afike Poste, katikati ya mji, bila kulipa basi, huku mwenye studio mpya na nzuri ya Annexe, pembezoni, akipigania kiti alfajiri.

Hapa nalinganisha aina nne za makazi ambazo mtu mmoja, au wawili wasio na watoto, hukutana nazo akitafuta: studio ya ghorofani katikati ya mji, chumba na sebule ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba kadhaa zenye uani mmoja) la Kamalondo au Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), boyeri (kijumba cha zamani cha mfanyakazi wa ndani) iliyokarabatiwa nyuma ya nyumba kubwa, na studio za mfululizo upande wa Kalubwe, kwenye barabara ya Kasapa. Ruashi, Katuba na pembezoni mwa Annexe nimeziacha. Si kwamba ni mbaya. Ila anayefanya kazi katikati hatazitembea kila siku, na hapa tunazungumzia miguu.

## Vipimo kabla ya kuona rangi ya ukuta

Miguu. Kipimo ni safari tatu: kwenda kazini au chuoni, kwenda kununua chakula, na kurudi usiku. Ya tatu ndiyo ngumu. Njia inayopitika vizuri saa nane mchana inaweza kuwa giza tupu saa mbili usiku, na kwa mwanamke anayetoka kazi ya jioni hiyo peke yake yatosha kukataa nyumba. Halafu kuna majira. Oktoba, kabla ya mvua, jua la Lubumbashi linachoma. Novemba hadi Machi mvua inageuza barabara za udongo kuwa tope. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kweli. Nyumba uliyoiona Agosti, kumekauka, hujaiona yote.

Maji na umeme. Usiulize kama vipo. Uliza vinakuja saa ngapi, na mita ni ya nani. Delestaji (mgao wa umeme) ya SNEL, shirika la umeme, haiko sawa kila mtaa, wakati mwingine hata pande mbili za barabara moja hazifanani. Bomba la REGIDESO, shirika la maji, likiwa uani si ushahidi kwamba maji yanatoka. Muulize jirani, si mwenye nyumba.

Faragha. Choo ni chako au cha pamoja? Lango linafungwa saa ngapi, na ufunguo anao nani? Wageni wako watapita mbele ya macho ya nani?

Pesa na masharti. Kodi huhesabiwa kwa dola, na juu yake kuna garanti (amana unayoweka kwa mwenye nyumba) na malipo ya komisioneri. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka ukomo wa garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi mitatu ya kodi. Wenye nyumba wengi wanaomba zaidi, na wapangaji wengi wanalipa kwa hofu ya kuikosa nyumba. Kuijua sheria hakukupi nyumba, lakini kunakupa mahali pa kuanzia mazungumzo.

Kisha piga hesabu moja ambayo komisioneri hatakupigia. Kodi ya mwezi, ongeza nauli ya kwenda na kurudi mara siku zako za kazi, ongeza taksi-moto (pikipiki) za usiku na za siku za mvua. Tuseme studio ya mjini inaizidi ya pembezoni kwa dola 40, na usafiri wa pembezoni unameza dola 45. Hiyo ya "bei nafuu" ndiyo ghali, na bado hujahesabu saa ulizosimama kituoni.

## Studio ya ghorofani katikati ya mji

Hizi ziko juu ya maduka na ofisi, kwenye majengo ya zamani yanayozunguka Poste na barabara kubwa, na mengine mapya. Nyingi zilikuwa apatimenti kubwa zilizogawanywa, ndiyo maana unakuta jiko lililobanwa katika kilichokuwa korido.

Miguu. Mchana, hakuna inayoishinda. Benki, ofisi za jimbo, kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo, jengo la 30 Juni, stesheni ya reli: vyote unavifikia bila kuuliza bei ya taksi-moto. Njia ni za lami, kwa hiyo mvua inakulowesha lakini haikuzamishi. Usiku hesabu inageuka. Maduka yakifunga, mitaa mingine inabaki na walinzi peke yao, na Jumapili jioni unaweza kutembea vitalu viwili bila kukuta mama hata mmoja anayeuza kitu. Chakula cha kila siku pia kina shida yake: aliméntasyoni (maduka ya vyakula) zipo, malewa (vibanda vya kula) ya mchana yapo, lakini lengalenga (mchicha) ya leo na unga wa bukari (ugali) kwa kipimo kidogo utavifuata sokoni.

Maji na umeme. Ghorofa ya kwanza na ya tatu si nyumba moja. Presha ya maji inaweza kufika chini na kukomea hapo, kisha wewe unapandisha bidoni (madumu) kwa ngazi. Tazama juu ya paa kama kuna tangi, na uliza pampu inaendeshwa na nani umeme ukikatika. Jenereta za maduka ya chini zitakuunguruma masikioni mchana kutwa. Kwa anayefanya kazi nyumbani si jambo dogo.

Faragha. Kubwa kabisa. Hakuna anayejua uliingia saa ngapi isipokuwa mlinzi, na huyo salamu nzuri humtosha. Upande wa pili wa faragha hiyo ni kwamba ukiugua usiku hakuna atakayejua.

Pesa na masharti. Kodi ni ya juu. Angalia mkataba unasema nini: baadhi ya vyumba hivi hupangishwa kama ofisi, na mkataba wa biashara una masharti mengine, garanti ikiwemo. Ukilala humo, karatasi iseme ni makazi.

Inamfaa nani. Mfanyakazi wa ofisi anayetoka mapema na kurudi kabla ya giza. Mtu wa safari nyingi anayetaka kufunga mlango na kuondoka bila kuacha maswali nyuma.

## Chumba na sebule katika lupango, Kamalondo au Kenya

Nyumba kadhaa zimezunguka uani mmoja, bomba moja, mara nyingi mita moja, na mwenye lupango anaishi humo humo au anatuma mtoto wake kuchukua kodi. Wapo wanaojenga siku hizi studio yenye choo ndani, hasa palipobomolewa nyumba ya zamani. Ukiipata, ichunguze kwa makini zaidi, kwa sababu choo cha ndani kilichoongezwa juu ya shimo la zamani hujitangaza chenyewe mvua zikianza.

Miguu. Kamalondo ni komini (sehemu ya utawala ya mji) ndogo kuliko zote saba za Lubumbashi, na hiyo ndiyo nguvu yake. Katikati ya mji pako upande mmoja, Kenya na soko lake kubwa upande wa pili. Chakula kiko mlangoni: makala (mkaa), nyanya, samaki wa kukaushwa, mkate wa asubuhi, vyote kwa kipimo cha mtu mmoja. Usiku watu wako nje, mabaa yamewaka, mama wamekaa na meza zao, na njia yenye watu ina usalama wake. Usalama huo una mipaka, maana penye watu na pombe pana wanyakuzi wa simu pia. Lakini kati ya barabara yenye kelele na barabara tupu, miguu yangu inachagua kelele.

Kenya ni hatua zaidi. Kwenda katikati kwa miguu kunawezekana, ila Oktoba utafika umelowa jasho, na wengi hutembea njia moja wakapanda basi ya kurudi.

Maji na umeme. Maji ya pamoja maana yake foleni na ratiba, na mgeni wa lupango huwa wa mwisho hadi azoeleke. Mita ya pamoja ndiyo mama wa ugomvi. Nani ana friji, nani anapasi, nani anapika kwa reshoo (jiko la umeme) usiku? Kama bili inagawanywa kwa vichwa au kwa milango, wewe mwenye taa mbili na simu utamlipia jirani mwenye kiwanda cha juisi. Uliza mapema inagawanywa vipi, na kama unaweza kuwekewa mita yako ndogo.

Faragha. Hakuna, na tusidanganyane. Watajua umekula nini. Mwanamke asiyeolewa ataulizwa mume yuko wapi, kijana wa kiume ataulizwa anaoa lini, na kuna wenye nyumba wanaokataa kabisa kumpa binti chumba akiwa peke yake. Kilio (msiba) kikitokea lupangoni, viti vinapangwa mbele ya mlango wako, watu wanalala uani, nawe unatoa mchango na kukaa nao. Lakini siku mbili usipoonekana, mtu atabisha. Siku mwizi akijaribu dirisha lako, lupango zima litaamka. Ghorofani huduma hiyo haipo kwa bei yoyote.

Kelele ni sehemu ya mkataba usioandikwa: muziki wa baa, makesha ya maombi, na siku za mechi, uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo penyewe. Mashabiki wakishinda hulali. Wakishindwa, unalala mapema.

Pesa na masharti. Kodi ni ya chini kuliko mjini, na mazungumzo yanawezekana. Mwenye lupango anayekuona mtu wa heshima anaweza kupunguza garanti. Hatari yake ni maneno bila karatasi. Mzee akifa, watoto wanaweza kuja kila mmoja akisema kodi ilipwe kwake. Daima chukua risiti yenye jina la aliyepokea.

Inamfaa nani. Anayeanza maisha mjini na mfuko mwepesi. Anayerudi usiku kwa miguu. Mwenye biashara ndogo ya sokoni. Na yeyote anayejijua kwamba upweke unamwumiza kuliko kelele.

## Boyeri nyuma ya nyumba kubwa

Nyumba za zamani za Makutano, Baudouin na Bel-Air zilijengwa na vijumba nyuma kwa ajili ya wafanyakazi wa ndani. Leo vingi vimepakwa rangi, vimewekwa vigae na bomba la kuogea, na vimepewa jina la studio au aneksi. Vingine vimekarabatiwa kwa upendo. Vingine ni boyeri ileile yenye kitasa kipya.

Miguu. Makutano na Baudouin ni raha ya mtembezi: kivuli cha miti, jakaranda zikichanua Septemba na Oktoba, na vili haiko mbali. Bel-Air iko ng'ambo ya reli, komini ya Kampemba, kwa hiyo usipime umbali kwa jicho kwenye ramani. Pima njia halisi ya kuvuka. Masoko si ya mlangoni. Usiku kuta ni ndefu na milango ya chuma imefungwa. Ukipatwa na jambo njiani, hakuna baraza la kukimbilia. Kwa njia hizi taksi-moto ya usiku iingie moja kwa moja kwenye bajeti yako.

Maji na umeme. Hapa unaishi kwa kivuli cha nyumba kubwa. Wakiwa na foraji (kisima cha kuchimbwa kwa mashine), nawe unayo, ila pampu inawashwa wakitaka wao. Wakiwa na jenereta, uliza wazi kama waya wake unafika kwako. Mara nyingi haufiki, na utakaa gizani ukisikiliza televisheni yao. Bati likiwa chini bila dari, Oktoba utapikwa na Julai utatetemeka. Inua macho utazame dari kabla ya kutazama vigae.

Faragha. Ya ajabu kidogo. Ndani ya chumba uko peke yako, tena kwa utulivu ambao mwanafunzi wa mitihani angeulilia. Lakini langoni wewe ni kama mtoto wa nyumba: mlinzi anafunga saa fulani, mbwa wanafunguliwa, mgeni wako anaulizwa ametoka wapi. Mwenye nyumba mwema atakuletea chakula Krismasi. Asiye mwema atakutuma dukani.

Pesa na masharti. Kodi iko kati ya lupango na mjini, na umeme mara nyingi umo ndani yake. Omba mkataba useme hivyo. Swali lisiloulizwa: nyumba kubwa ikiuzwa au ikipangishwa kwa kampuni, wewe unabaki? Boyeri haina hati yake. Muda wa kuhama uandikwe kwa tarehe, si kwa neno "tutaelewana".

Inamfaa nani. Anayehitaji kimya: mwalimu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mtu wa kazi za kompyuta mwenye betri yake mwenyewe. Mwanamke anayeishi peke yake na harudi usiku sana huona lango lenye mlinzi ni nafuu kubwa. Anayependa wageni na muziki ataugua hapa.

## Studio za mfululizo upande wa Kalubwe

Nitasema kwa ufupi, kwa sababu aina hii ina mteja wake anayejulikana: mtu wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kampasi ya Kasapa iko nje ya katikati, kaskazini, na wajenzi wameliona hilo. Wanajenga vyumba sita au nane mstari mmoja, kila kimoja na choo chake, kisima au foraji uani, ukuta kuzunguka.

Miguu. Kwenda kampasi, inategemea uko upande gani. Pengine ni matembezi ya asubuhi, pengine ni safari. Kwenda katikati, sahau miguu. Ukitoka kwenye lami njia ni udongo, na Januari viatu vya darasani hubebwa mkononi.

Maji na umeme. Maji ya kisima hutegemea kisima kiko umbali gani na choo. Ukague kwa macho yako. Umeme, waulize wanafunzi wa chumba cha kwanza. Hao husema kweli kuliko mlinzi.

Faragha. Ya kutosha, kama majirani wako ni wa rika lako na redio yao ina adabu.

Pesa na masharti. Kodi huwa ya wastani, na wawili wakigawana inakuwa nyepesi. Bei inapanda masomo yakikaribia kufunguliwa, hivyo anayetafuta likizoni ana sauti zaidi.

Inamfaa nani. Mwanafunzi na msaidizi wa chuo ambaye maisha yake yote yako Kasapa. Anayesoma Kasapa na kufanya kazi katikati atalipa nauli popote atakapokaa.

## Kabla ya kutoa hata dola moja

Komisioneri atakuambia, "Yaya (dada au kaka), kutoka hapa hadi vili ni dakika tano tu." Mjibu kwa upole: "Basi twende wote kwa miguu." Tembea njia hiyo mara mbili, asubuhi ya siku ya kazi na usiku saa utakayokuwa unarudi. Malipo yake mpe baada ya mkataba kutiwa sahihi na ufunguo kuwa mkononi mwako. Hakikisha anayepokea garanti ndiye mwenye nyumba au ana barua yake. Jirani wawili na shefu wa avenyu (kiongozi wa barabara yenu) watakuambia lupango ni la nani. Siku ya kuingia piga picha za kuta, bomba, vioo na namba ya mita, mziandike pamoja na mtie sahihi. Bila karatasi hiyo garanti yako itageuka rangi ya ukuta siku ya kutoka.

## Kwa hali yako

Unafanya kazi katikati, unatoka saa kumi, na mshahara unaruhusu: anza na ghorofani, ghorofa ya chini kadiri inavyopatikana. Mshahara usiporuhusu, shuka Kamalondo kabla ya kufikiria pembezoni.

Unatoka kazini usiku, hotelini, hospitalini au dukani: Kamalondo kwanza. Ikishindikana, boyeri ya Makutano, na pesa ya taksi-moto iwekwe kando tangu mwanzo wa mwezi.

Wewe ni mwanamke, unaishi peke yako mara ya kwanza: linganisha boyeri yenye mlinzi na lupango ambalo mwenye nyumba ni mama anayeishi humo. Zote mbili zitakuuliza maswali. Kaa nusu saa na huyo mama au familia hiyo kabla ya kuzungumza bei; unapanga watu kwanza, chumba baadaye.

Unasoma Kasapa tu: Kalubwe. Unasoma Kasapa na hupendi kelele za wanafunzi: boyeri, ukubali nauli.

Unafanya kazi nyumbani kwa kompyuta: usiamue kwa mtaa, amua kwa waya. Lala hapo usiku mmoja kama utaruhusiwa, au keti na jirani jioni nzima uone umeme unakatika saa ngapi.

Uko hapa kwa miezi mitatu tu: garanti ya miezi mitatu juu ya kodi ya miezi mitatu haina maana kwako. Tafuta boyeri yenye samani au mwenye lupango atakayekubali kodi ya kulipwa mbele badala ya garanti, na makubaliano hayo yaandikwe.

Mko wawili, mmoja anafanya kazi katikati, mwingine yuko Kasapa: kaeni karibu na yule anayerudi usiku.